Ng'ombe Hawakumlilia Lameck

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wetu wa Wilaya. Viongozi mliofuatana naye. Mchungaji, Padri na Shehe wetu. Wazee ambao shikamoo zetu mmezipokea tangu asubuhi. Na ninyi majirani mliotoka Rugu na Kituntu kuja kukaa nasi:

Sisi ni wana Kikundi cha Wafugaji na Wakulima wa Kahawa wa kitongoji cha Omukarehe. Tunafurahi kwamba umefika salama, na tunafurahi zaidi kwamba umeteremka kwa miguu kutoka barabarani, maana wageni wengi huishia pale juu gari linapogeuzia.

Tulichokuitia

Mgeni rasmi, barua yetu ilikualika uzindue mtambo wa pili wa kumenya kahawa mbivu. Mtambo ndio huo nyuma yetu, umepakwa rangi, na utepe umefungwa mlangoni. Tunapenda kusema mapema, ili usione baadaye kwamba tulikuvizia: mwishoni mwa risala hii tutakuomba usiuzindue leo. Mwenyekiti wa chama chetu cha msingi, Bwana Elipidius, analijua jambo hili. Amekaa kushoto kwako. Hakulala vizuri kwa ajili yake, lakini alikubali lisomwe.

Tulipoanza kuandika tuliorodhesha mambo kama risala zinavyoandikwa: hali ya maji, hali ya hewa, hali ya mifugo. Ndipo Mackrine, mjumbe wetu ambaye haogopi mtu, akasema, "Mkimsomea mgeni habari za maji na hewa, atatikisa kichwa huku anaangalia saa. Msomeeni mtu."

Basi tunakusomea mtu. Jina lake ni Costansia, mjane wa marehemu Lameck. Sisi tunamwita Mama Edith, kwa jina la binti yake wa kwanza. Yupo hapa, ila ameomba asisimamishwe.

Tulikotoka

Costansia aliletwa Omukarehe kama bibi harusi kutoka Kituntu, na kitu cha kwanza alichokipenda hapa, kabla hajampenda hata mume wake, ni kelele za bondeni. Kwao walikaa mlimani penye upepo tu. Hapa, jua likianza kuzama, vyura wa kijito cha Karehe walikuwa wakianza mmoja mmoja, kisha wote pamoja, mpaka mtu wa jikoni alazimike kupaza sauti ili asikike barazani. Asubuhi walikuja korongo wenye taji kichwani, wawili wawili, wakitembea kwenye majani ya kinamasi kama watu waliovaa viatu vipya. Kando ya maji palikuwa na kaa wadogo wenye rangi ya tope, na juu, kwenye miti ya kibanja chake cha migomba na kahawa, mizinga ya nyuki ya Lameck ilikuwa ikinguruma hivi kwamba wageni walidhani kuna mashine.

Lameck alikuwa na ng'ombe wa pembe ndefu aliowarithi kwa baba yake. Hawakuwa wengi, lakini kila mmoja alikuwa na jina na ukoo, na yeye aliweza kukutajia mama wa huyu na bibi wa yule bila kusita. Alipoamka aliwasalimia wao kwanza, kisha akaja kumsalimia mkewe.

"Ungewaoa hao," Costansia alikuwa akimwambia.

"Ningewaoa," Lameck alijibu. "Hawa hawaniulizi nilikuwa wapi."

Kila mji hapa, yaani kila kaya, ulikuwa na birika lake la udongo la kunyweshea ng'ombe kando ya Karehe. Tulilifinyanga upya kila kiangazi kwa mikono, tukachota maji kijitoni tukayamimina, na ng'ombe wakaitwa mji baada ya mji, bila kugombania. Mwenye ng'ombe aliwaimbia wakinywa. Lameck alikuwa na sauti mbaya, na hilo hata yeye alilijua, lakini ng'ombe wake hawakuinamisha vichwa mpaka aanze.

Mgeni rasmi, kuna desturi moja ya bonde hili ambayo lazima tuieleze, maana yote yanayofuata yameegemea hapo. Mwenye ng'ombe akifariki, alfajiri ya maziko ndama hutengwa na mama zao. Hufungiwa upande wa pili wa nyumba, wasionane. Mama wakianza kuwatafuta hulia, na ndama hujibu, na kilio hicho hakikatizwi mpaka udongo wa mwisho umerudishwa kaburini. Hapo ndama hufunguliwa, hukimbilia kunyonya, na watu hunawa mikono. Kwetu maziko yasiyo na kilio cha ng'ombe ni kama barua iliyoandikwa ikaachwa mezani.

Costansia aliyaona hayo mara ya kwanza alipofariki baba mkwe wake. Alikuwa bado mgeni wa nyumba. Akasikia ng'ombe wanahangaika zizini, akadhani katika msiba watu wamesahau ndama, akaenda kuwafungulia. Mama mkwe alimshika mkono kabla hajagusa mti wa mlango.

"Waache, mwanangu."

"Mama, wanateseka."

"Na sisi tunateseka. Wanaume wa hapa hawalii mbele za watu, wameumbwa na aibu hiyo. Hao ndio wanaowalilia."

Costansia alimtazama mume wake pale kaburini. Lameck alikuwa amesimama na jembe, uso mkavu kabisa, na kila ng'ombe alipolia alifumba macho.

Tulichofanikiwa

Mgeni rasmi, hatutaki utoke hapa ukidhani tunauchukia mtambo. Wa kwanza tuliuomba wenyewe. Kabla yake tulianika kahawa na maganda yake uani, kuku wakaiparua, mvua ikainyeshea, na mnunuzi akaja akaibeza huku anaipakia. Mtambo ulipokuja, kahawa yetu ilioshwa ikawa safi, na kwa mara ya kwanza tulisikia kwamba kuna watu wa mbali wanaoitaka kahawa ya Omukarehe kwa jina. Nyumba za bati unazoziona ng'ambo ni za mtambo. Binti zetu wanaosoma sekondari wamesomeshwa na mtambo. Edith mwenyewe alimaliza chuo cha ualimu kwa kahawa ya baba yake.

Lameck alikuwa kwenye kamati ya ujenzi. Alibeba mawe ya msingi begani. Siku ulipowashwa alicheza mpaka kofia ikamwanguka, na Elipidius, rafiki yake tangu utoto, akaiokota akaivaa na kukataa kuirudisha mpaka jioni.

Katika mchoro wa mtambo ule kulikuwa na mashimo ya kutuliza maji machafu, matatu, yanayopokezana, ili maji yafike kijitoni yakiwa yamechujika. Msimu ulikuwa umeshaanza na kahawa imeiva mitini. Tukasema mashimo tutayachimba baadaye. Bomba likaelekezwa Karehe.

Yaliyotupata

Mgeni rasmi, wewe hukuzaliwa huku, kwa hiyo tunaomba tueleze kosa letu, maana mtu wa mahali pengine asingelifanya. Sisi ni watu wa rubisi. Tukishakamua ndizi mbivu kutengeneza pombe yetu hiyo, machicha hatuyatupi, tunawapa ng'ombe. Ng'ombe huyapenda kuliko majani. Harufu ile ya ndizi iliyoanza kuchachuka, kwetu ni harufu ya sherehe na ya ng'ombe kushiba.

Ule ute mtamu unaotoka kwenye kahawa iliyomenywa, ukikaa kwenye maji siku chache, hunuka hivyo hivyo.

Lameck ndiye aliyeinusa kwanza. Alipanda kutoka bondeni akiita kabla hajafika uani, "Mama Edith! Njoo unuse. Karehe imeiva!"

Costansia aliteremka akiwa na unga mikononi. Walimkuta Elipidius tayari amechuchumaa ukingoni, anacheka.

"Kesho tuje na mirija," Elipidius alisema.

"Mirija ya nini?" Lameck akajibu. "Mwenye kiu ainame. Waitu, jamani, tumesumbuka kukamua ndizi miaka yote, kumbe kijito kinaweza kujipikia chenyewe!"

Bihogo, ng'ombe wake mwekundu, alikuwa ameshaingiza mdomo majini. Alikunywa bila kuimbiwa. Lameck alichekeshwa na hilo zaidi ya yote. "Tazama, hata wimbo hautaki tena."

Costansia naye alicheka. Ila alipokuwa akipanda kurudi jikoni aliona kaa wametoka majini, wamejipanga kwenye nyasi kavu mbali na ukingo, na hawakukimbia alipopita. Alisimama akawatazama kidogo. Hakujua aseme nini kuhusu kaa, akaenda zake kusonga ugali.

Msimu ule wote tuliwapeleka ng'ombe kunywa chini ya bomba. Mabirika ya udongo tuliyaacha yakapasuka kwa jua. Na hata baadaye, tulipoanza kushtuka, hatukuwa na mahali pengine pa kuwapeleka: kiangazi Karehe huwa chembamba, na pampu ya mtambo huyachota maji yote kule juu. Kinachopita bondeni ni kile tu ambacho mtambo umekitapika.

Vyura walinyamaza kwanza. Hakuna aliyesema, kwa sababu ukimya hauonekani, ila ikawa mtu wa jikoni akisema neno husikika barazani. Korongo walikuja, wakatembea kidogo kwenye tope jeusi, wakaruka kuelekea upande wa Kyerwa, hawakurudi. Maganda ya kahawa tuliyalundika kando ya mtambo, na lundo lilipokuwa kubwa tukalichoma. Halikuwaka, lilifuka tu, wiki baada ya wiki. Asubuhi moshi ulilala bondeni kama blanketi lililolowa, ng'ombe wakakohoa kama wazee. Mizinga ya Lameck ilihamwa mmoja baada ya mwingine. Mtu huutumia moshi kidogo kuwatuliza nyuki anapovuna. Hawa walivutishwa moshi mchana kutwa, na nyumba isiyoisha moshi hata mtu angeihama.

Kisha ng'ombe. Maziwa yalikuwa mepesi, kinyesi kikawa maji. Bihogo alitupa mimba msimu wa kwanza. Msimu wa pili wakatupa yeye na dada yake, na dada akafa. Kwa Mackrine wakatupa. Kwa Elipidius ndama alizaliwa akakaa siku moja bila kusimama. Bwana mifugo wetu, Dastan, alikuja kwa pikipiki yake kila alipoitwa, tunamshukuru. Lameck alimuuliza ni ugonjwa gani.

"Mzee, ugonjwa uliozoeleka nimeupima sijauona," Dastan alisema. "Nyinyi mnawanywesha nini?"

Lameck aligeuka. Alitazama bondeni. Costansia, aliyekuwa ameshika kamba ya Bihogo, aliona uso ule ule mkavu wa siku ya kumzika baba mkwe, na macho yakifumba na kufumbua.

Dastan alisema hawezi kuapa mpaka maji yapimwe, na vifaa vya kupimia havipo hapa. Tunaliandika hili ili tusimsemee asichosema. Lakini tangu siku ile Costansia alianza kubeba kichwani maji safi ya bomba la kitongoji kumpelekea Bihogo zizini. Ng'ombe mmoja hunywa kuliko nyumba nzima. Kwenye foleni ya bomba wanawake walimnung'unikia.

"Mama Edith, ndoo hizi zote umepata wageni?"

"Nina mgeni mmoja," alijibu. "Ana pembe."

Wakacheka, wakampisha, na kesho yake wakanung'unika tena.

Lameck aliugua ghafla katikati ya msimu wa tatu. Alianguka kibanjani, upande mmoja wa mwili ukakataa. Tulimpeleka hospitali ya Nyakahanga, wauguzi wakamhudumia kwa upole mkubwa, lakini siku zake zilikuwa zimefika. Hatusemi kwamba maji au moshi ndio uliomuua. Alikuwa mtu mzima, na presha ilikuwa ya ukoo wao.

Alfajiri ya maziko, mdogo wake alikwenda zizini kutenga ndama, kama inavyotakiwa. Alikaa huko muda. Aliporudi alisimama mbele ya Costansia, mikono imening'inia.

"Shemeji, nimtenge nani?"

Hapakuwa na ndama hata mmoja. Wala kwa jirani. Tulikwenda mji hadi mji kuulizia ndama wa kuazima, na bonde zima halikuwa na ng'ombe anayenyonyesha.

Tuliuzima mtambo kwa heshima ya marehemu. Pengine ingekuwa afadhali tungeuacha ungurume. Jeneza liliteremshwa, udongo ukarudishwa, na hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa majembe. Vyura hawakuwepo. Nyuki hawakuwepo. Bihogo alisimama zizini na mdomo umefumba, akitutazama. Elipidius alijaribu kuanzisha wimbo wa kanisani, sauti ikamkatikia njiani, na kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuifunika, sote tuliisikia.

Mgeni rasmi, Costansia hajaanua matanga mpaka leo. Mkeka wa msiba bado umetandikwa barazani, na yeye hulala hapo. Mchungaji alikwenda kuzungumza naye, tena si mara moja.

"Mama, Bwana ameshampokea mtumishi wake."

"Najua, Mchungaji. Bwana amempokea. Ni sisi ambao hatujamtoa."

Edith aliandika kutoka Mwanza akamwomba ahamie kwake. Costansia alimjibu kwamba atakwenda kumtembelea, baada ya zizi kusema.

Ndiyo, mgeni rasmi: zizi limekaribia kusema. Bihogo ana mimba. Tangu mvua za masika zianze, mtambo ukiwa umelala, Karehe kimejisafisha kidogo, na Costansia hakuacha kubeba ndoo. Dastan amempima, amesema ndama yuko hai, mkubwa, anageuka. Atazaliwa kahawa itakapokuwa imeiva vizuri, yaani katikati ya msimu unaozinduliwa leo. Jioni Costansia huweka shavu ubavuni mwa ng'ombe huyo, akakaa hivyo mpaka giza liingie. Tukimuuliza anasikiliza nini hutujibu, "Anapiga teke. Baba yake Edith angesema ni teke la kiume, kwa sababu yeye kila mimba alisema ni ya kiume."

Anamtamani ndama yule kama mtu anavyotamani mvua akiwa ameshapanda. Na sisi tumejikuta tunamtamani pamoja naye. Mtu akitoka shambani hupitia kwake kuuliza. Hata walevi.

Kikao kilichoandika risala hii

Mtambo wa pili ukiwaka, maji machafu ya bomba la mtambo yatakuwa mara mbili, na mashimo bado hayajachimbwa. Hilo ndilo tulilokaa kulijadili, na hatukuwa wa sauti moja. Wengine tuna ada zinazosubiri kahawa iliyooshwa. Ni kweli, na hatuoni aibu kulisema.

Elipidius alisimama wa kwanza. "Mgeni anakuja kuzindua, sisi tumwambie asizindue? Hiyo ni kumwalika mtu harusini, akifika unamwambia bibi harusi amelala."

"Bora amelala kuliko kumwozesha akiwa mgonjwa," Mackrine akamjibu.

"Mackrine, wewe kahawa yako ni miti mingapi mpaka uzungumze?"

"Michache, Mwenyekiti. Ndiyo maana nina nafasi ya kufikiri."

Kikao kilicheka, na katika kicheko hicho Costansia aliinuka. Hakuwa amesema neno kikaoni tangu msiba.

"Mimi siwazuii," alisema. "Kahawa yangu nayo iko mtini. Ninawaambia tu nitakakokuwa, msije mkanitafuta. Siku mtambo ukiwaka, jioni yake nitamtoa Bihogo. Nitampeleka kwa kaka yangu Kituntu, azalie huko."

"Kwa miguu?" mtu aliuliza. "Ng'ombe mwenye mimba kubwa vile, na mlima ule?"

"Tutapumzika njiani."

Elipidius akasema kwa sauti ndogo, "Lakini, shemeji, ndama akizaliwa Kituntu, si atalia Kituntu?"

"Atalia Kituntu."

"Na Lameck yuko hapa."

"Yuko hapa," Costansia alisema. "Yeye siwezi kumswaga."

Akakaa chini, akavuta kitenge mabegani kama mtu anayesikia baridi. Watu walitazama sakafu. Elipidius alikuwa na daftari la agenda mikononi, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akasema, si kwa sauti ya mwenyekiti, "Mimi ndiye niliyesema tulete mirija." Akaliweka daftari chini. "Msimu huu tuanike kahawa majumbani, kama zamani. Tutapunjwa bei. Tumeshawahi kupunjwa, hatukufa."

Mikono iliinuka. Baadhi iliinuka polepole, na mingine haikuinuka kabisa. Iliyoinuka ilikuwa mingi zaidi.

Tunachoomba

Mgeni rasmi, ombi letu la kwanza umeshalisikia. Tunaomba utepe ule ubaki umefungwa mpaka mashimo yachimbwe. Kuchimba tutachimba wenyewe. Majembe tunayo na siku za kazi tumeshagawana, kila mji zamu yake. Tunachokosa ni mtaalamu wa kutupimia mteremko ili maji yasirudi nyuma, na turubai nene la kutandika chini ili uchafu usizame kwenye chemchemi. Tunaomba pia maji ya Karehe yapimwe na watu wenye vifaa, na majibu tusomewe hapa hapa kwa lugha hii, hata kama yatatuonyesha kwamba tumekosea. Kuhusu moshi, tumeshaacha kuchoma. Maganda tunayafukia tukichanganya na samadi. Tukipata mtu wa kutufundisha kuyaozesha vizuri, migomba yetu itafaidika.

Tunaomba pia msamaha. Tunajua umeacha kazi nyingi, na tunajua mgeni akija kuzindua akaondoka bila kuzindua, watu husema. Wakikuuliza, waambie watu wa Omukarehe ndio waliokuomba. Jina letu liko hapa chini.

Lakini wewe ndiye mgeni wetu na uamuzi ni wako. Ukiona inafaa kukata utepe, tutapiga makofi, kwa sababu tulikualika wenyewe na hatutakuaibisha mbele ya watu. Chakula kipo vilevile, ndizi na nyama vimeshaiva. Ila jioni hutatuona wengi kwenye ngoma. Tutakuwa tunampandisha Bihogo mlimani, wengine mbele kuondoa mawe, wengine nyuma, na Costansia ubavuni mwake na kamba. Hatutamwacha aende peke yake.

Yeye mwenyewe tulimuuliza kama kuna neno lake tuliongeze. Alifikiri, akasema tuandike tu kwamba shimo moja likitosha kuanzia, yeye yuko tayari kuanza kuchimba leo mchana, na kwamba bonde lina nafasi, na kaburi haliko mbali na zizi. Halafu akasema tusiyaandike, ni mengi. Tumeyaandika.

Mgeni rasmi, tunaomba ndama azaliwe nyumbani.

Mungu akulinde njiani na akukutanishe na watu wako wakiwa wazima. Mifugo ya kwenu inywe maji safi, na akina mama wa kwenu wasikose cha kukamua. Kwa Lameck na wote waliotutangulia, Mungu awape pumziko. Na kwa waliobaki, awape sauti.

Tunashukuru kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
Wana Kikundi cha Wafugaji na Wakulima wa Kahawa,
Kitongoji cha Omukarehe.